Kupunguza taa za mtaa Lamu bila kumwacha mtu gizani: mwongozo wa kamati za mitaa

Kila nikitoka msikitini baada ya Isha, kuna mtu hunishika mkono na kuniuliza swali lile lile: bili ya taa za mtaa imepanda, au betri za sola zinakata saa nane za usiku, sasa tuzime taa zipi? Wa Langoni ameniuliza, wa Mkomani ameniuliza, na juzi vijana watatu wa Shela walinijia nyumbani na karatasi yenye orodha ya taa 18 za kuzimwa. Niliwaomba waikunje kwanza. Naandika hapa hatua ninazozifuata mimi mwenyewe, ili atakayeuliza tena apewe karatasi hii.

Mwanzo wa kazi ni kujua nani anapita, saa ngapi, na anakanyaga wapi. Mkilijua hilo, taa za kuguswa zitajionyesha zenyewe. Mkianza na orodha ya kuzima, mtamvunja mtu mguu. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwemo. Mwaka wa kwanza tulizima taa moja, tukaacha moja, njia nzima, tukijisifu kwamba tumepunguza nusu. Wiki ya pili mzee mmoja alitoka kwenye mwanga mkali akaingia gizani penye kona, akakosa ukingo wa mtaro. Alilala kitandani miezi miwili. Taa tuliyokuwa tumeizima ilikuwa juu ya mtaro ule.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa. Katiba ya 2010 imeweka taa za barabarani chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo anzeni na ofisi ya kaunti hata kama taa mlizifunga wenyewe kwa michango. Nguzo za Kenya Power, kampuni ya umeme, hazipandwi na mtu wa mtaani, hata awe fundi hodari.
- Kama ukuta ni wa Mji Mkongwe, ongeeni na watu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kutoboa tundu lolote. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta wa matumbawe na chokaa ukitobolewa ovyo hunyonya maji na kumeguka.
- Fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati.
- Chifu na kituo cha polisi wajue tarehe. Watu hapa wanakumbuka kafyu ya 2014, na mtaa ukibadilika ghafla usiku, hofu hutangulia maelezo.
- Daftari, kalamu, chaki nyeupe, futi ya kamba, tochi, kifuu cha nazi, na chokaa kiasi cha ndoo moja.
- Watu wa kutembea nao: mwanamke mmoja mtu mzima, msichana mmoja, mzee mmoja anayetumia bakora, mtu mwenye ulemavu kama yupo, na mvuvi mmoja. Kamati ya wanaume watano wenye macho mazuri haitoshi kwa kazi hii.

Hatua

1. Hesabuni taa na mzipe namba. Andikeni kila taa: iko wapi, ni ya aina gani, wati ngapi, inawaka saa ngapi hadi saa ngapi, na inalipiwa na nani. Fanyeni mzunguko mmoja usiku na mwingine saa sita mchana. Huo wa mchana msiuruke. Taa ya sodiamu, ile ya zamani ya manjano, ya wati 70 pamoja na choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa balbu) hula kama wati 85. Ikiwaka kwa muda wa saa 12 ni yuniti moja kamili ya umeme, yaani wati 1,000 kwa saa moja. Kihisio chake kikiharibika ikawaka na mchana, inakula yuniti nyingine bure, na yuniti hiyo ingetosha taa nne za LED za wati 20 kuwaka usiku kucha. Katika mtaa mmoja tulizikuta tatu namna hiyo. Kabla ya kumnyima mtu mwanga wa usiku, zimeni za mchana.

2. Hesabuni miguu. Kaeni barazani usiku tatu, mmoja wao uwe wa kuamkia Ijumaa, na kila nusu saa mwandike wangapi wamepita. Msiandike idadi tu. Andikeni ni watoto wa chuoni (madrasa), ni akina mama wanaotoka kwenye shughuli, ni wavuvi, ni punda wenye mizigo.

Mtagundua kwamba Lamu haina usiku wa manane wa kitabuni. Kuanzia saa tano njia hutulia kweli, lakini watu wa Alfajiri hutoka kabla ya adhana, na wengi wao ni wazee. Wavuvi nao hawafuati saa, wanafuata maji. Maji yakijaa leo saa nane usiku, kesho yatajaa karibu dakika 50 baadaye, na njia ya kuteremkia gatini itakuwa na watu saa ambayo wiki iliyopita haikuwa na mtu. Kwa hiyo njia za baharini zisiwekewe ratiba ya kuzima. Hizo ni za kufifisha tu.

Kuna wanaoniletea habari za Uingereza, kwamba kule halmashauri huzima taa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja na hakuna baya. Habari yenyewe ni ya kweli: mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi wa halmashauri 62 za England na Wales, na hawakuona ushahidi kwamba kupunguza taa kuliongeza ajali za barabarani au uhalifu. Lakini uchunguzi ule ulipima ajali za barabarani na uhalifu. Haukuhesabu mtu aliyetumbukia mtaroni, wala aliyejigonga kwa punda mweusi aliyesimama kimya katikati ya kichochoro. Na saa kumi na moja kwao watu wamelala, kwetu safu ya kwanza msikitini imeshajaa.

3. Tembeeni njia nzima usiku, taratibu, nyuma ya mzee. Hatua hii ndiyo yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Nitawaeleza nilichokiona ili mjue mnatafuta nini. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alikubali kutuongoza. Tulipokaribia taa mpya, ile kali nyeupe, nilidhani atatembea kwa raha. Alipunguza mwendo. Aliinua mkono akaukinga usoni, mkono wa pili akaupitisha ukutani, na mguu wa kulia akautanguliza kidogo kidogo kama anayepapasa maji. Kulikuwa na kipandio cha daka (kibaraza cha mlangoni) mbele yake, kimoja tu, urefu wa kiganja. Hakukiona. Akaniambia, "Mwanangu, mimi giza siliogopi, nimekulia humu. Naiogopa taa hii, inanifumba macho." Mita ishirini mbele, penye taa ya zamani ya manjano iliyofifia, alishusha mkono akaenda kama kawaida.

Jicho likishazoea mwanga mkali huchukua muda mrefu kuzoea giza, hata nusu saa kwa giza zito, na kwa mzee zaidi. Taa kali moja huzalisha giza pande zake mbili.

Basi, kila mahali anayeongoza anapopunguza mwendo, pigeni alama ya chaki chini. Msimwulize kwa nini mpaka mmalize njia. Angalieni hasa chini ya wikio (chumba kinachovuka juu ya njia), kwenye kona za kichochoro, kwenye vipandio vya madaka, kando ya mitaro, na pale ngazi zinapoteremka ufukoni.

Wanawake waulizwe peke yao, na mwanamke mwenzao, mahali wanapojisikia huru. Mbele ya wanaume wengi watawajibu kwamba njia ni nzuri.

4. Pimeni kwa kifuu na kwa uso. Programu za simu za kupima mwanga hukosea sana kwenye mwanga mdogo, msizitegemee. Kipimo cha kwanza: weka kifuu cha nazi chini katikati ya taa mbili, penye giza zaidi, kisha rudi hatua sita. Ukikiona bila kukitafuta, ardhi inaonekana. Kipimo cha pili: mwenzako asimame pale pale, umbali wa mita 4 hivi. Ukimtambua ni nani na anaangalia wapi, mwanga watosha kumfanya mtu asishtuke. Rudieni vipimo vyote viwili na yule mzee wenu, maana jicho la miaka 70 si la miaka 25.

Wanaotaka namba, viwango vya Ulaya kwa njia za waendao kwa miguu huanzia wastani wa laksi (kipimo cha mwanga unaofika chini) 2 kwa njia tulivu hadi 5 kwa njia zenye watu wa wastani. Mwezi mpevu haufiki hata laksi moja. Hamhitaji uwanja wa mpira.

5. Safisheni kwanza, pakeni chokaa, kisha ndiyo mguse taa. Chumvi ya bahari hukaa juu ya kioo cha taa kama ukungu, hasa kipindi cha kusi. Futeni kwa kitambaa na maji baridi yasiyo ya chumvi, taa ikiwa imezimwa na fundi yupo. Halafu pakeni chokaa kwenye kingo za mitaro, kwenye midomo ya vipandio, na chini ya wikio pande zote mbili za ukuta, baada ya kuongea na mwenye nyumba. Ukuta mweupe hurudisha mwanga njiani. Ndoo moja ya chokaa imewahi kutufanyia kazi ya taa mbili.

Alama za chaki za hatua ya tatu ndizo zinazowaambia wapi pa kupaka.

6. Badilisheni balbu kabla ya kubadilisha saa. Hesabu yake ni hii. Taa ya sodiamu tuliyoitaja hula yuniti 1 kwa usiku. LED ya wati 20 ikiwaka saa hizo hizo 12 bila kufifishwa hula 0.24. Mkiififisha nusu kuanzia saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na robo alfajiri, inashuka hadi 0.18 hivi. Tazameni tofauti: kubadilisha balbu kumeokoa zaidi ya robo tatu ya yuniti. Kufifisha kumeongeza 0.06. Kwa mtaa wenye taa 40, ni yuniti 30 kila usiku kwa balbu, na mbili na nusu hivi kwa kufifisha. Zidisheni kwa bei iliyo kwenye bili yenu.

Ndiyo maana nawasihi msigombane na akina mama kwa ajili ya ile 0.06. Kama kufifisha kunamtia mtu hofu kwenye njia fulani, acheni taa iwake kamili. Faida kubwa mmeshaipata.

Mnaponunua, tafuteni LED ya rangi ya joto, Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 au chini yake. Zile nyeupe za buluu za Kelvini 6000 ndizo zinazofumba macho. Taa iwe na kofia inayouelekeza mwanga chini, na mkitembea njiani msiione balbu yenyewe.

*Tahadhari:* balbu ya LED ikiingizwa kwenye holda ya sodiamu, choki na ignaita (kifaa cha kuwashia) lazima zitolewe kwenye waya, isipokuwa balbu imeandikwa wazi kwamba inakubali choki. Nimeona balbu mpya 11 zikiungua wiki moja kwa kosa hili.

7. Shusheni taa badala ya kuongeza wati. Taa ikiteremka kutoka mita 6 hadi mita 3, mwanga wa chini yake huwa mara nne. Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta ni ndefu, taa ya wati 8 hadi 10 iliyo mita 3 ukutani inatosha mahali pengi ambapo mlikuwa na taa ya nguzo. Duara lake ni dogo, kwa hiyo zinahitajika nyingi zaidi, kila moja ndogo. Taa nyingi ndogo ni salama kuliko chache kubwa. Msishuke chini ya mita 2 na nusu: punda aliyebeba matumbawe au mbao ataing'oa.

Kama mna mulika mwizi, zile taa kali za mlingoti mrefu, kwenye uwanja wa wazi, hiyo ni kazi ya kaunti. Ombeni ielekezwe chini na ifungwe taa chache. Isizimwe yote kabla vichochoro vinavyotoka uwanjani havijapata taa zao.

8. Wekeni ratiba kwa kila njia, si kwa mtaa mzima. Huku karibu na ikweta usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima, ratiba haibadiliki sana kwa majira. Mimi huanza hivi: kamili tangu saa kumi na mbili na robo jioni hadi saa nne na nusu usiku, nusu hadi saa kumi na robo alfajiri, kisha kamili hadi kupambazuke. Kona, ngazi, wikio na njia ya hospitali havififishwi kabisa.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii haifai. Watu wako njiani tangu tarawehe hadi daku. Acheni taa kamili mwezi mzima. Vivyo hivyo siku za Maulidi, mji unapojaa wageni wasiojua vipandio vyetu.

Na msinunue kihisio cha mwendo kinachozima taa kabisa. Nunueni kile kinachoiacha kwenye theluthi na kuipandisha mtu akikaribia. Mtu akiona njia nyeusi mbele yake haingii, hata ukimwahidi kwamba taa itawaka akifika.

9. Upande wa ufuko, kwingineko na huku si sawa. Shela na Manda, kasa hupanda kutaga, na watoto wao wakianguliwa hufuata upande ulio na mwanga zaidi, wakidhani ni bahari. Taa ikiwaka nyuma ya mchanga, wanaelekea nchi kavu na kufa. Huku tumieni rangi ya kaharabu, taa fupi iliyo chini ya kiuno, yenye kizuizi upande wa bahari. Mtu anaiona njia, na kasa hasumbuliwi sana. Taa za mapambo zinazomulika maji, zimeni zote. Hazimlindi mtu yeyote.

10. Jaribuni njia moja kwa mwezi mmoja. Bandikeni karatasi msikitini, dukani na kwenye kituo cha afya: njia gani, tarehe gani, nani wa kupigiwa akiona tatizo. Mwezi mmoja ni kwa sababu lazima mpite giza la mwezi. Jaribio lililofanywa wakati wa mbalamwezi linadanganya. Baada ya wiki mbili rudieni kuhesabu miguu. Kama wanawake waliokuwa wakipita saa tatu hawapiti tena, njia imeshindwa, hata kama hakuna aliyeanguka wala kuibiwa. Rudisheni mwanga usiku huo huo, kisha mtafute kosa.

Mambo yakienda kombo

*Taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.* Kihisio cha mwanga kinaona mwanga wa taa yenyewe ukirudi kutoka ukuta wa chokaa. Kigeuzeni kiangalie juu, upande ulio mbali na ukuta.

*Kihisio cha mwendo kinawaka usiku kucha.* Ni punda na paka. Inueni kihisio kidogo kisione chini ya goti, na mwombeni mwenye punda amfunge mbali na pale. Na kama hakiwaki mtu akipita, huenda usiku ni wa joto sana: vihisio hivi husoma tofauti ya joto kati ya mwili na ukuta, na ukuta uliochomwa na jua mchana kutwa huificha. Hapo ongezeni unyeti, au achaneni na kihisio.

*Taa ya sola inakufa kabla ya Alfajiri.* Futeni paneli, chumvi na kinyesi cha kunguru hupunguza sana. Angalieni kama kuna kivuli cha mnazi au cha ghorofa mpya. Siku za masika, mawingu yakikaa siku tatu, shusheni mwanga wa saa za kati hadi theluthi ili ubaki wa alfajiri. Ikishindwa hata kiangazi, betri imechoka.

*LED zinakufa baada ya miezi michache.* Fungueni moja. Mkikuta kutu ya kijani kwenye viungio, chumvi imeingia. Nunueni zenye alama ya IP65 au zaidi, inayoonyesha kwamba taa inazuia vumbi na maji, na tundu la waya lizibwe lote.

*Jirani amefunga taa kali ya mulika mlangoni kwake na inawapofusha watu.* Msiende na barua. Nendeni wazee wawili, baada ya Magharibi, mumwombe atoke nje asimame hatua kumi kutoka mlangoni na ajaribu kuona nani amesimama chini ya taa yake. Hataona. Mwizi akisimama pale, hatamwona pia. Wote niliowafanyia hivyo waliiteremsha taa, na mmoja alipanda ngazi kuifunika usiku ule ule kwa kipande cha debe.